Mshale Nilioacha Wazi

Mumbua mwanangu,

Mama yako amekwisha kukuandikia kila kitu kwenye ile karatasi aliyoibandika mlangoni mwa friji: chandarua, laini ya simu, vyeti vya shule vikae kwenye mkoba wa mkononi, maji ya kisima usiyanywe kabla ya kuyachemsha. Fuata ya mama yako. Mimi sina la kuongeza hapo. Nina jambo moja tu, na nimelikalia tangu kabla hujazaliwa.

Ni alasiri. Mama yako yuko zamu hospitalini, wewe umeenda kuaga wenzako ufukweni, nami nimekaa kwenye meza ya jikoni hapa Al Wakrah, Qatar, kiyoyozi kinanguruma juu ya kichwa changu. Kesho unapanda ndege kwenda Nairobi, kisha basi hadi Kitui, na utakaa na nyanya yako mwezi mzima kabla chuo hakijafunguliwa. Hujawahi kulala katika nyumba ile zaidi ya siku tatu. Safari hii utakaa vya kutosha kusikia jina la Kilonzo, na sitaki ulisikie kutoka kwa mtu mwingine kabla ya kulisikia kwangu.

Unajua nilikuwa na kaka aliyekufa akiwa kijana. Hicho ndicho nilichokuambia, na kila ulipouliza zaidi niliinuka nikaenda kuangalia gari.

Nianze na Alhamisi iliyopita, kwa sababu ulikuwepo. Ulikaa meza ya mbele pale ukumbini The Pearl, umevaa lile gauni la kijani, ukanipigia makofi kwa adabu kama mtu anayempigia mgeni. Abu Salim alisimama na fimbo yake, mzee wa watu, akaeleza jinsi alivyonikuta nikiwa mlinzi wa geti kwenye uwanja wao wa upinde kule Al Rayyan. Alisema alinisikia nikimwambia mwanafunzi wake mmoja kwamba kiwiko chake kimekaa vibaya, akakasirika, akanipa upinde ili anifedheheshe mbele ya watu, nami nikapiga mishale mitatu ikakaa pamoja hata ungeweza kuifunika kwa kikombe cha kahawa. Watu wakacheka. Akaeleza medali ya fedha niliyoipata Muscat. Akamtaja Sunita, yule mama wa Nepal wa kiti cha magurudumu niliyemtengenezea kishikio cha mdomoni ili avute upote, yaani kamba ya upinde, kwa meno, na sasa anashindana. Akaeleza zile Ijumaa asubuhi ninazowafundisha walinzi, wapishi na madereva bure kabla jua halijawa kali. Kisha akashusha sauti.

"Lakini hayo siyo yaliyotuleta," akasema. "Miaka kumi na tisa huyu mudarib, mwalimu wetu, amefundisha watu kushika silaha. Miaka kumi na tisa, wallahi, hakuna tone la damu lililoanguka kwenye uwanja wake. Hakuna mtu mkali kama huyu, na hakuna mtu salama kama aliye nyuma ya filimbi yake."

Ukumbi wote ukasimama. Nikapokea kile kibao cha kioo, nikasema shukran, nikarudi kuketi. Mama yako alidhani nimelemewa na furaha. Wewe ulinitazama, Mumbua, na najua ulikuwa unaikumbuka siku gani.

Ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Ulikuwa na jicho ambalo sijaliona kwa mtu mwingine isipokuwa mmoja, na walikuwa wamekuita kwenye timu ya vijana. Siku ile mshale wako uliteleza ukaanguka mbele ya mstari, hatua moja tu. Ukainama kuuokota kabla ya filimbi ya kuruhusu watu kuvuka mstari. Hakuna aliyekuwa amevuta upinde. Wote walikuwa wanaongea. Mimi nilipiga kelele hadi mafundi waliokuwa juu ya paa la jirani wakasimama kutazama.

"Baba, si mshale tu umeanguka?" ulisema.

Nilikunyang'anya upinde. Sikusubiri hata tufike nyumbani. Nilimpa binti mwingine palepale, nikamwambia ni wake. Nikakuambia usikanyage uwanja ule mwaka mzima. Ulibaki umeegemea ukuta, kinga ya mkono bado umeifunga, ukinitazama nikiendelea kufundisha. Tulirudi Al Wakrah, wewe umekaa kiti cha nyuma. Mama yako alipokuuliza kuna nini, ulimjibu, "Muulize polisi," ukaingia chumbani. Mwaka ulipoisha nilikununulia upinde mpya, mzuri kuliko ule wa kwanza. Hukuutoa kwenye sanduku.

Nilijiambia kwamba nimekulinda. Nilijiambia hivyo miaka sita. Sasa nikueleze nilichokuwa nakiona pale ulipoinama, kisha uamue mwenyewe.

Babu yako alikuwa fundi wa pinde, na hilo sitakueleza sana kwa sababu watakueleza wao. Watu walitoka mbali kununua mishale yake. Wakati huo serikali ilikuwa imepiga marufuku uwindaji, lakini kule kwetu kusini ya Mutomo habari hiyo ilifika kama uvumi, na nyama ilipikwa usiku ili harufu isisafiri. Kilonzo alikuwa kifungua mimba. Alikuwa na miaka ishirini, mrefu, mcheshi, mtu wa kuimba akiwa njiani na kunyamaza ghafla akiona nyayo. Huyo ndiye yule mmoja niliyekuambia, mwenye jicho kama lako. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita na nilimfuata kila mahali.

Mishale yetu ilikuwa na sumu ya mti, inayopikwa hadi inakuwa nzito kama lami. Ukiipaka kwenye ncha, unaivingirisha ncha hiyo kwa kipande cha ngozi laini ya mbuzi. Ngozi ile inazuia sumu isikauke, na zaidi ya hapo inakulinda wewe mwenyewe. Mshale unatoka kwenye ngozi wakati wa kupiga tu. Ukikosa, unauokota, unauvingirisha tena, ndipo unaurudisha kwenye podo. Babu yako alitufundisha hayo kabla hatujajua kuhesabu. Na alikuwa na sheria nyingine: asiyefika miaka kumi na minane hagusi mshale wa sumu. Mimi nilikuwa napiga ndege kwa mishale ya mti mtupu.

Siku hiyo tulitoka asubuhi, sisi wawili. Jua lilipopanda tukamwona paa amesimama kwenye kivuli cha kichaka, mbali kidogo, ametupa ubavu. Kilonzo akachomoa mshale, akautoa kwenye ngozi. Kisha akanigeukia.

"Shika," akaninong'oneza.

"Baba atatuua."

"Baba yuko hapa? Shika. Vuta mpaka kwenye shavu, usiharakishe."

Akanipa upinde wake mwenyewe, na ile ngozi akanitia kiganjani. Ilikuwa zawadi, Mumbua. Sijapewa zawadi nyingine kama ile. Nilivuta, nikaachia kabla ya wakati. Mshale ukapita juu ya paa, ukaingia mchangani nyuma yake, na paa akapotea.

Kilonzo alicheka. Hakucheka kwa ubaya. Alishika tumbo akasema, "Mdogo wangu, hata kichaka chenyewe umekikosa!" Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita na nilitaka ardhi inimeze. Nilikwenda kuuokota mshale. Nilirudi nikiwa na hasira, sikumtazama usoni. Podo lilikuwa mgongoni mwake. Nikausukuma mshale ndani kwa nguvu, ncha ikitazama juu, nikapita mbele. Ile ngozi ilikuwa bado kwenye kiganja changu. Nilihisi iko pale. Nilijua. Sikusahau, mwanangu, watu husahau na husamehewa. Mimi nilijua mshale uko wazi, nikasema moyoni, atauona mwenyewe, si yeye ndiye fundi.

Tulitembea labda mwendo wa kuvuka mashamba mawili. Kulikuwa na korongo kavu, akateremka kwa kuteleza kama kawaida yake, na alipofika chini akapeleka mkono nyuma kuliweka sawa podo. Nikasikia akisema "Ah," kama mtu aliyechomwa na mwiba. Alipoutoa mkono, kidole chake cha kati kilikuwa na damu kidogo tu. Akakitazama. Akanitazama mimi. Halafu akatazama kiganja changu, maana nilikuwa nimekifungua.

Hakunigombeza. Alikaa chini, akakinyonya kidole akatema, akajifunga kamba ya upinde kwenye kifundo cha mkono. Alikuwa anajua vizuri kuliko mimi kwamba haisaidii. Nilitaka kukimbia kutafuta watu, akanishika shati.

"Kaa. Huwezi kufika."

Nikaanza kulia. Akaniambia ninyamaze, anataka kuongea kabla ulimi haujawa mzito. Akasema, "Sema ni mimi. Sema nilipiga, nikakosa, nikasahau kuufunga. Baba akijua nilikupa upinde, na wewe ukauacha wazi, hatakuangalia tena maisha yake yote. Sema ni mimi." Akaichukua ngozi kutoka mkononi mwangu, akaitia kwenye mfuko wa kaptula yake. Baadaye akatapika, akalalamika kwamba anaona baridi, na ilikuwa saa sita mchana. Nilimwekea kichwa mapajani. Haikuchukua muda mrefu. Sitakuandikia zaidi ya hapo.

Walipokuja watu nikasema ni yeye. Ngozi ikakutwa mfukoni mwake. Nani angeuliza tena?

Nimejificha nyuma ya maneno yake tangu siku hiyo. Nimejiambia kwamba natimiza wosia. Lakini yule alikuwa kijana anayekufa, akimwonea huruma mdogo wake anayelia. Hakuniambia niukalie uongo hadi nywele zangu ziote mvi. Ningeweza kusema baada ya mwezi. Ningeweza kusema babu yako alipokuwa kwenye kitanda chake cha mwisho, na nilikuwa nimekaa palepale, nimemshika mguu. Kila nilipokaribia, nilijiuliza itamsaidia nani. Swali hilo lina sura ya busara. Mimi nakuambia lilikuwa woga tu.

Sikujua uongo ule ungefanya kazi gani baada ya mazishi. Nilidhani ameshakufa, hawezi kudhurika. Babu yako aliacha kutengeneza mishale. Alisema, "Kama mwanangu wa kwanza hakunisikia, ninamfundisha nani?" Wazee wakasema Kilonzo alikuwa mzembe tangu zamani, wakaanza kukumbuka makosa ambayo hakuwahi kuyafanya. Pale kijijini akina mama wakawa wanawaambia watoto wanaochezea visu, "Unataka kufa kama Kilonzo?" Mpaka leo wanasema, na wengine hawajui hata kama alikuwa mtu. Na unajua kwetu mtoto hupewa jina la aliyetangulia ili asipotee. Dada zangu wamezaa wavulana saba. Hakuna aliyepewa jina la Kilonzo. Nyanya yako hakukataza. Alinyamaza tu kila lilipotajwa, na wakaelewa.

Ulipozaliwa tulikuwa tumeshafika huku, na mvua ilinyesha Doha siku hiyo, jambo la kushangaza, ndiyo maana ukawa Mumbua. Nilishukuru kwamba u msichana. Ndiyo hivyo nilivyokuwa, mwanangu. Nilishukuru kwa sababu hakuna ambaye angeniuliza kuhusu jina.

Upinde niliurudia kwa sababu sikuwa na kitu kingine mikononi. Nilikuja huku kulinda geti, na siku ile Abu Salim aliponipa upinde kunifedhehesha, ilikuwa mara ya kwanza kuvuta upote tangu kwenye kile kichaka. Wote wanadhani ninaupenda mchezo. Labda naupenda. Lakini kila filimbi niliyopiga, kila mshale niliokagua ncha yake kwa kidole, kila mpishi niliyemfukuza mstarini kwa kugeuka na upinde mkononi, nilikuwa nalipa kwa mtu asiyenidai. Yule ninayepaswa kumlipa nilimwacha aitwe mzembe. Na wewe ulipoinama kuuokota mshale wako, sikukuona wewe. Nilimwona Kilonzo akipeleka mkono nyuma. Nikakupa wewe adhabu yangu. Ulikuwa mtoto, ulikuwa bora kuliko wote, nami niliutoa upinde wako mbele ya watu kwa kosa lililofanyika kabla hujakuwepo duniani.

Nilirudi kutoka The Pearl nikakiweka kile kibao chini ya kiti cha gari, na kiko huko mpaka sasa. Siku tatu sikuweza kula vizuri. Nikaona kwamba wewe utakwenda kukaa kwa nyanya yako, utalala chumba kilichokuwa cha Kilonzo, na siku moja utashika kisu jikoni naye atakuambia, "Unataka kufa kama Kilonzo?" Nawe utacheka. Hilo ndilo lililonishinda.

Leo asubuhi, mlipokuwa bado mmelala, nilishuka kwenye maegesho nikampigia. Unaijua sauti yake kwenye simu, anapiga kelele kama tuko ng'ambo ya mto.

"Mtoto anafika Jumamosi? Nimemtafutia kuku!"

"Mama," nikasema, "keti kwanza."

"Nimeketi. Nani amekufa?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote kama nilivyokuandikia, paa, kicheko, ngozi kiganjani. Nilisikia mtu akitwanga kwa mbali, kisha kutwanga kukakoma. Nadhani alimwashiria anyamaze.

"Rudia pale pa ngozi," akasema. Hakupiga kelele tena.

Nikarudia.

"Ilikuwa mkononi mwako."

"Ndiyo, mama."

"Siku ya kumzika," akasema, "niliwaambia watu wanipishe kidogo. Walidhani nakwenda kumlilia. Nilimgombeza. Nilisimama juu ya mwanangu, nikamwambia, umeniua kwa uzembe wako, sitakulilia. Na sikumlilia. Wewe ulikuwa umesimama nyuma yangu."

Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Nilimsikia. Sikusema.

Akauliza, "Alisema nini mwishoni?"

Nikamwambia: "Alisema, sema ni mimi."

Mama yangu akalia. Ana miaka themanini na zaidi, Mumbua, na sijawahi kumsikia akilia, hata babu yako alipofariki alijifunga kanga kiunoni akapikia waombolezaji. Alilia kwa sauti, akimwita kwa jina, Kilonzo, Kilonzo wangu, kama aliyeletewa habari leo. Nilisimama katikati ya magari, jua limekwisha kuchoma, nikamsikiliza. Alipotulia akapenga kamasi, akasema, "Mtoto aje."

"Na mimi, mama? Nilisema nitakuja Disemba."

"Disemba usije," akasema. Kisha akakata.

Nimempigia mara mbili tangu hapo. Hapokei. Shangazi yako amenitumia ujumbe kwamba hajala, na kwamba ametoka na jembe peke yake kwenda kwenye kaburi, anang'oa magugu, na hataki mtu amsaidie.

Kwa hiyo unakwenda kwenye nyumba yenye msiba mpya, na mimi ndiye niliyeupeleka siku mbili kabla yako. Nimefikiria kama ningengoja hadi umalize mwezi wako. Lakini nimengoja mara nyingi kwa sababu nzuri. Mama yako nitamwambia leo akitoka zamu. Abu Salim nitamwona Jumapili. Sijui atasema nini kuhusu kibao chake, nacho ni chake akikitaka.

Nakuomba machache. Nyanya yako akinisema vibaya, usinitetee. Msikilize mpaka amalize, hata akirudia kila siku. Akikuambia muende kaburini, nenda, umshikie jembe kama atakubali. Ukiulizwa na watoto wa pale Kilonzo alikuwa nani, waambie alikuwa mtu aliyejua kupiga upinde, na aliyempa mdogo wake zamu. Kuhusu mimi na wewe, sikuombi jibu. Umenichukia miaka sita ukiwa huna sababu kamili. Sasa unayo, na ukiitumia nitaelewa.

Barua hii nitaitia kwenye mfuko wa nje wa begi lako, chini ya sweta. Kesho nitakupeleka uwanja wa ndege, nitaongea kuhusu foleni na uzito wa mizigo, kwa maana najijua. Usinisubiri niseme. Nenda tu, mwanangu. Mimi nitabaki hapa mpaka siku nitakapoitwa, na nisipoitwa, nitabaki.

Baba yako,
Mwendwa